Siku ya Uhuru Tulikuwa Tunapukuchua Mahindi

Kwenye video za wanafunzi, Jomo Kenyatta hukamatwa kila mwaka. Hukamatwa usiku, maana giza huficha ukuta wa bweni, na ndevu zake ni pamba iliyobandikwa kwa gundi ya ofisini. Afisa wa kikoloni ni mvulana wa kidato cha tatu aliyepakwa poda ya mtoto, amevaa kaptula ya skauti. Anafoka Kiswahili cha kuvunjikavunjika, anaondoka na mtu wake. Ngoma inalia. Bendera inapanda polepole kuliko bendera yoyote duniani, majina ya waigizaji yanapita, kwisha. Nimehariri saba za aina hiyo. Hata ukinifunga macho nitakuambia ngoma inaanzia wapi.

Kazi yangu ni picha. Nina kibanda Kitale mjini: picha za pasipoti, harusi, ruracio za wageni waliooa huku, na zaidi ya yote matanga, ambayo ndiyo hulipa kodi ya nyumba. Shule zikisikia kuna mashindano ya video hunitafuta kwa sababu nina kamera mbili, maikrofoni ya kubana kwenye kola, na kompyuta isiyozimika katikati ya kazi. Wanafunzi huniita Madam ingawa sijawahi kufundisha popote. Siwakatazi.

Muhula wa tatu wa 2025, mwalimu wa historia wa shule moja ya upande wa Suam alinipigia simu. Kulikuwa na mashindano ya eneo, madogo tu, zawadi ni kikombe na tableti. Mada: kuzaliwa kwa taifa. Akanieleza tarehe na malipo (malipo yalikuwa chai), kisha akashusha sauti. "Lakini Madam, prinsipali anasema hataki mambo ya Butere."

Sikuhitaji kuuliza. Hata wewe huenda ulifuatilia kwenye simu yako. Aprili ya mwaka huo wasichana wa Butere walifika Nakuru, kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na filamu, na mchezo wao Echoes of War, baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe kushindana. Walipoingia jukwaani hawakuigiza. Waliimba wimbo wa taifa wakatoka, na nje polisi walikuwa wanarusha vitoa machozi. Tangu siku hiyo kila mwalimu anayesimamia klabu ya drama anasoma skripti kama wakili anayetafuta shimo kwenye mkataba.

Kutoka Kitale hadi Suam ni kama kilomita 45, unapita Endebess, na mlima Elgon unakaa kushotoni kwako muda wote kama mtu mzima asiyependa mazungumzo. Siku hizi ni lami. Ukikaribia mpaka, simu yako inakukaribisha Uganda ukiwa bado uko Kenya, na kama una bando dogo zima data haraka. Chini ya daraja ni mto Suam, unaotoka mlimani na kwenda kaskazini hadi unabadilishwa jina kuwa Turkwel na kuishia Ziwa Turkana. Wasabaot wako ng'ambo zote mbili. Harusi moja niliyopiga huko, bibi harusi alikuwa raia wa Uganda, bwana harusi wa Kenya, na kutoka boma moja hadi lingine wageni walitembea kwa miguu.

Klabu ilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja. Nilipowauliza taifa lilizaliwa wapi, kumi walisema Kapenguria.

Siwezi kuwalaumu. Kapenguria ni jirani, na tunaringa nayo. Kenyatta, Kaggia, Karumba, Kubai, Ngei na Oneko walikamatwa usiku wa 20 Oktoba 1952, kesi ikaanza 3 Desemba ndani ya darasa la shule, na tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Thacker akawapa miaka saba kwa kazi ngumu. Miaka mitano baadaye shahidi mkuu, Rawson Macharia, aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa uongo wa kununuliwa. Na sisi wa Kitale tuna kipande chetu ambacho hakiingii kwenye video: Kapenguria haikuwa na hoteli, kwa hiyo wakili Pritt na wenzake walilala Kitale, wakapanda asubuhi na kushuka jioni. Kesi ya taifa zima ilikuwa inarudi kulala mjini kwetu. Klabu ilishakwenda jumba la makumbusho pale Kapenguria, wakapiga selfi ndani ya seli.

Mvulana tuliyekuwa tumempa kamera, na ambaye kuanzia hapo aliitwa Kamera hata na walimu, alitaka Elijah Masinde. Kwao asili ni Kimilili, kama kwetu, kwa hiyo moyo wangu ulimwegemea bila aibu. Masinde ni sinema tayari. Mchezaji mpira aliyevaa jezi ya Kenya Kombe la Gossage mwaka 1930. Nabii wa Dini ya Msambwa aliyewaambia wazungu wafungashe. Mwaka 1945 wakampeleka Mathari wakisema ana wazimu. Tarehe 10 Februari 1948 polisi wakawapiga risasi wafuasi wake Malakisi, watu 11 wakafa, na yeye akaishia kizuizini Lamu, mbali na mlima wake kadiri ramani inavyoruhusu. Mwalimu alisikiliza akitabasamu hadi Kamera alipofika mwaka 1968, ambapo serikali ya Kenya huru ilipiga marufuku dini ileile.

"Hapo ndipo Butere inapoanzia," mwalimu akasema. Darasa likacheka. Yeye hakuwa anacheka sana.

Kisha msichana mmoja mkimya, wa kidato cha pili, akainua mkono akiwa bado anaangalia dawati. "Mwalimu, lakini si hapa palikuwa Uganda?"

Ni kweli. Hadi 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika karibu na Naivasha. Wababu waliopigania ngome ya Chetambe, kule juu ya Webuye, mwaka 1895, walikuwa wanapigana na watu wa utawala wa Uganda. Na Karapokot, kaskazini mwa Suam, iliendeshwa na Uganda kuanzia 1932 hadi 1970, ingawa kwenye ramani ilikuwa Kenya. Mwalimu alifurahi hadi akaketi juu ya meza. Nami nikaanza kuwaza: sasa hiyo ngoma na bendera tutaziweka wapi?

Msichana yule hakuwa amemaliza. "Kogo wangu alikuwa hapa. Siku ya Uhuru yenyewe. Alikuwa anapukuchua mahindi."

Tukamfanya dairekta papo hapo.

Kogo wake anaishi kwenye ekari moja na kitu karibu na barabara, nyumba ya mabati, mkafu mkubwa wa mahindi uani, mbwa asiyejali wageni. Alizaliwa shambani kwa mlowezi mmoja karibu na Endebess. Baba yake alikuwa skwota. Neno hilo wanafunzi walikuwa wamelijibia mtihani bila kujua linanukiaje. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie mzungu kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kuishi na kulima kijishamba juu ya ardhi ambayo, kwa Msabaot, ilikuwa malisho ya babu yake. Wazee wao walikwenda kuyasema hayo mbele ya Tume ya Carter mwaka 1932. Kogo hakuitaja tume yoyote. Alituonyesha kidole gumba cha kulia, kimepinda. Ni cha kupukuchua.

Alizungumza Kiswahili cha mashambani cha zamani, kile wazungu walichokiagiza kazi na wafanyakazi wakakirithi, chenye "hapana" mahali pa kila kitu. Nilibana maikrofoni kwenye kitenge chake. Kamera alikuwa amevaa hedifoni zangu. Dairekta aliketi kwenye kigoda chini ya lenzi, ili kogo amwangalie mjukuu wake na si mashine.

"Jumatano nyapara alikuja," kogo akasema. "Akasema, kesho hapana kazi, kesho Uhuru. Watu wakapiga kelele. Mama akamuuliza, na posho? Nyapara akasema, posho ya mtu iko na kazi. Sisi tulikuwa watoto sita."

"Kwa hivyo mlifanya nini, Kogo?"

"Tukaenda kazi. Watu wengine walienda Kitale kuona bendera. Mzungu alikuwa na magunia ya kupakia. Siku ya Uhuru tulikuwa tunapukuchua mahindi." Akacheka, akajifuta mdomo. "Na nyapara alikuwa amevaa tai."

Baadaye nilitazama kalenda, kwa sababu mimi hupenda kukagua wazee kimyakimya. Tarehe 12 Desemba 1963 ilikuwa Alhamisi.

Kama angeishia hapo tungekuwa na video tamu na kikombe mkononi. Lakini Dairekta aliuliza swali ambalo video hizi huwa haziulizi, kwa sababu bendera ikishafika juu huwa dakika zimeisha. Aliuliza: "Na Ijumaa?"

Ijumaa, kogo alisema, mzungu alikuwa bado yupo. Alikuwapo kwa miaka mingine miwili. Kisha akauza. Hapa nikusimamishe kidogo wewe uliyekulia mtaani Nairobi: mashamba ya walowezi hayakurudishwa, yaliuzwa. Uingereza ilitoa mikopo, serikali mpya ikanunua sehemu, mengine yakaenda kwa mashirika ya umma, mengine kwa matajiri wapya, mengine kwa watu wa kawaida waliochanga kwenye vyama vya ushirika na kampuni za kununua mashamba. Mwenye ng'ombe wa kuuza alipata hisa. Aliyekuwa ameishi pale maisha yake yote kwa ruhusa ya siku 180 alipata notisi.

"Aliuza shamba na sisi tukiwa ndani," kogo akasema. "Kama ng'ombe. Hapana, ng'ombe alienda nao."

Baba yake aliahidiwa kwamba miaka yake ya kazi ingehesabiwa kama hisa mbili kwenye kampuni iliyonunua. Kulikuwa na katibu aliyekuwa anaandika majina kwenye daftari. Siku ya kupima, jina la baba yake halikuwamo. Wakasogezwa hadi ukingoni, ekari moja na kitu, pale tulipokuwa tumeketi. Kogo akamtaja katibu yule kwa majina yake yote mawili. Akamtaja mara tano katika dakika nne, bila hasira, kama mtu anayesoma orodha ya shule.

Nilikuwa naangalia kipima sauti, kwa hiyo sikuona mara moja. Dairekta alikuwa ameacha kumwangalia bibi yake. Alikuwa anaangalia juu, nyuma ya kamera. Jina la pili la katibu lilikuwa jina la pili la Kamera.

Ninayo ile klipu. Picha haitikisiki hata mara moja.

Sasa, majina kule kwetu si mchezo. Mwaka 2006 hadi 2008, ugomvi wa ardhi ya Chepyuk uligeuka kuwa vita mlimani Elgon, kwanza wanamgambo, kisha jeshi, na watu waliumizwa na wote wawili. Mimi nilikuwa shule ya msingi Kimilili. Darasa letu lilijaa hadi tukaketi watano kwenye dawati la watatu, watoto walioshuka kutoka mlimani na daftari moja au bila. Tulifundishwa, bila mtu kusema, kutouliza jirani wa dawati kwao ni nani. Kwa hiyo mtu mzima akitaja jina na shamba katika sentensi moja, mtoto wa Bungoma hushtuka tumboni kwanza ndipo afikiri.

Kurudi shuleni tulipanda nyuma ya pikapu ya mwalimu. Kamera alikaa peke yake kwenye gurudumu la akiba. Hakuna aliyeimba.

Babake Dairekta alikuja shuleni siku mbili baadaye. Mtu mpole, kofia mkononi. Alisema mama yake hajasema uongo, lakini yeye hununua mbolea pamoja na familia ile, trekta la kulima huwa moja, na Machi inakuja. Akaomba zile dakika nne zitolewe. Prinsipali alikuwa radhi kabisa. Kogo naye alituma ujumbe kupitia mjukuu wake, na ulikuwa mfupi: msifute.

Kamera aliyakaa yote hayo kimya kama wiki moja. Halafu Jumamosi moja akatokea kibandani kwangu Kitale akiwa na uniformu, bila ruhusa nadhani, akaniomba nimfungulie ile sehemu asikilize tena. Akasikiliza mara tatu. Akaniambia alimuuliza babu yake. Babu hakukana kuwa katibu. Alisema yeye pia alikuwa mtoto wa skwota, kwamba aliuza mafahali watatu wa mahari ya kaka yake ili aingie kwenye kampuni, kwamba daftari lilikuwa la mwenyekiti na yeye alikuwa anaandika anachoambiwa aandike. Alisema alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili. Alisema mengine pia, ambayo Kamera alianza kuyasimulia akaacha.

"Sasa unaonaje?" nikamuuliza.

"Sijui, Madam. Wote wawili ukiwasikiliza unawaamini. Hiyo ndiyo noma."

Wazo la mlio lilikuwa lao wawili, Dairekta na Kamera, wakikaa kwenye kompyuta yangu na kugombana kwa kunong'ona. Dakika nne zibaki, majina yafunikwe kwa ule mlio wa piii unaotumika redioni mtu akitukana. Mara tano. Na kabla ya mwisho waliweka kadi nyeusi yenye sentensi moja, kwamba familia ya katibu inakumbuka mambo tofauti. Prinsipali aliitazama video nzima akiwa amesimama, akauliza kama bendera ipo. Ipo, tukamwambia, ilikuwa imechorwa kwenye kikombe cha bati cha kogo, rangi imebanduka, Kamera aliipiga kwa karibu bila kuambiwa. Akatia sahihi.

Tulikuwa wa tatu. Wa kwanza walikuwa na Kenyatta wa pamba, na nisiwe na wivu, ilikuwa kazi safi: mvulana aliyeigiza Paul Ngei alikuwa na dharau ya kweli machoni, nami nimeona waigizaji wa kulipwa wasioweza hivyo. Karatasi yetu ya majaji ilisema mambo mawili. La kwanza, wazo ni zuri lakini taifa liko wapi? La pili, sauti ina hitilafu: mlio wa mtambo umesikika mara tano na kufunika maneno ya mzungumzaji. Wakatukata alama.

Dairekta alicheka hadi akaketi sakafuni kwenye ukumbi wa watu. Mwalimu alitaka kukata rufaa. Nilimwuliza angeandika nini kwenye rufaa hiyo, akafikiri, akakunja karatasi na kuiweka mfukoni.

Hilo la taifa liko wapi limenikaa zaidi. Jaji yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekaa tangu asubuhi akitazama bendera kumi na nne zikipanda, na katika video yetu haikupanda hata moja. Kogo naye, alipotazama kwenye simu ya mjukuu wake, hakulalamikia mshindi. Alilalamikia mlio. Alisema ameketishwa kwenye jua, amevua kitambaa cha kazi akavaa cha kanisa, akasema jina la mtu anayejulikana na kila mtu kutoka hapo hadi Chepchoina, na sasa anasikika kama mlevi anayetukana.

Shule zilipofungwa Oktoba, Kamera alirudi kibandani. Mvua ilikuwa inatisha, wakulima wote mjini wakiangalia juu kwa sababu mahindi yalikuwa yamekauka shambani. Alitoa flashi mfukoni, imefungwa kwa karatasi ya peremende. Nikafungua folda ya mashindano.

"Si hiyo," akasema. "Ile yenye majina."

Nikamuuliza ya kupeleka wapi.

"Babu hajaiona. Anasema anataka asikie mwenyewe alivyotajwa."

Nilimvutia kiti. Kompyuta ikasema dakika kumi na mbili, tukakaa tukiangalia ule mstari wa kijani ukijaa.